Picha ya Kupanda Miti

Mtu akikuambia kwamba mchoraji fulani aliadhibiwa na serikali yake kwa sababu ya picha, bila shaka utadhani kwamba picha hiyo ilimtukana mkuu wa nchi, au ilionyesha maiti na damu, au iliwataka watu washike silaha. Haikuwa hivyo. Picha ninayotaka kukusimulia habari zake yaonyesha vijana wakipanda miti. Hapana bunduki ndani yake, wala bendera iliyochanwa, wala uso wa mtawala uliochorwa kwa dhihaka. Kazi hiyo ya kupanda miti serikali yenyewe iliipenda na kuihimiza. Hata hivyo picha ile ilimwondoa mchoraji wake katika kazi aliyosomea, ikampeleka kwenye shamba la kuku kubeba magunia.

Mchoraji huyo jina lake ni Edi Hila, naye ni mtu wa Albania. Huenda nchi hiyo hujaisoma sana katika masomo yako ya jiografia, maana ni ndogo. Iko kusini mashariki ya Ulaya, nayo inatazamana na Italia kwa upande wa pili wa bahari ya Adria. Sehemu yake kubwa ni milima. Watu wake hawafiki milioni tatu; wengi wao wametoka katika jamaa za Kiislamu, na wengine ni Wakristo wa Kiorthodoksi na wa Kikatoliki. Kwa zaidi ya miaka 400 walitawaliwa na Waturuki wa Dola ya Osmani, mpaka walipotangaza uhuru wao tarehe 28 Novemba 1912.

Hila alizaliwa mwaka 1944 katika mji wa Shkodër, ulio kaskazini mwa nchi kando ya ziwa kubwa lenye jina lilo hilo. Juu ya kilima karibu na mji kuna ngome ya kale iitwayo Rozafa, na watu wa huko wana hadithi juu yake. Wasema kwamba ndugu watatu walikuwa wakijenga ukuta wa ngome hiyo mchana, na usiku ukuta ukaanguka. Kesho yake hali ikawa ile ile. Wakaambiwa kwamba ukuta hautasimama mpaka mmoja wa wake zao afukiwe ndani yake akiwa hai. Ndugu wawili wakubwa wakawaonya wake zao kwa siri, lakini yule mdogo alitimiza ahadi akakaa kimya, na mke wake ndiye aliyekuja na chakula siku hiyo. Akakubali kufukiwa, ila aliomba aachiwe tundu ili apate kumnyonyesha mtoto wake mchanga. Nimekueleza hadithi hii kwa sababu huniijia kila nitazamapo picha za nyumba ambazo Hila alichora katika uzee wake. Sisemi kwamba yeye mwenyewe aliikusudia. Nasema tu kwamba mtoto wa Shkodër hukua akijua kwamba ndani ya ukuta mzuri huenda pana mtu.

Mji huo ulikuwa na desturi ya picha hata kabla Hila hajazaliwa. Katika karne ya 19 Mwitalia mmoja, Pietro Marubi, alifungua huko duka la kupigia picha kwa kamera, akapiga picha za machifu wa milimani, mabibi arusi, watawa na wafanyabiashara. Kijana mmoja wa mji, Kolë Idromeno, aliyezaliwa mwaka 1860, alijifunza kwake, kisha akaenda Venezia kusoma uchoraji. Aliporudi, katika mwaka wa 1883 alimchora dada yake Tone aliyejitanda ushungi, anatabasamu kidogo kana kwamba ana neno ambalo hatalisema. Picha hiyo, iitwayo "Motra Tone", yaani "Dada Tone", Waalbania waipenda kupita karibu picha zote za nchi yao. Hapana vita ndani yake, hapana mfalme. Ni mwanamke wa kawaida tu. Ikumbuke, maana tutakapofika mbele utaona jinsi ambavyo mwanamke wa kawaida mwenye tabasamu la siri angekuwa mashaka makubwa katika Albania ya baadaye.

Mwaka 1944, ambao ni mwaka wa kuzaliwa Hila, ndio mwaka ambao majeshi ya Wajerumani yalifukuzwa Albania na Chama cha Kikomunisti kikashika serikali. Kiongozi wake alikuwa Enver Hoxha, aliyetawala tangu hapo mpaka alipokufa mwezi wa Aprili 1985. Kwa hiyo Hila hakupata kujua utawala mwingine hata alipokuwa mtu mzima wa miaka arobaini.

Utawala huo ulikuwa na mambo mawili ambayo mwanafunzi wa historia hana budi kuyatazama pamoja. Kwa upande mmoja ulifungua shule katika nchi ambayo watu wengi walikuwa hawajui kusoma wala kuandika, ukajenga viwanda, ukapeleka umeme vijijini. Kwa upande mwingine ulijawa na hofu, na hofu hiyo ikawa ndiyo siasa yake. Hoxha aligombana na Yugoslavia mwaka 1948, akagombana na Urusi mwaka 1961, na mwisho, mwaka 1978, urafiki wake na China ukavunjika pia. Kila mara aliyekuwa rafiki jana aligeuka adui leo. Nchi nzima ikajengwa vibanda vya saruji vya kujificha askari, maelfu kwa maelfu, katika mashamba, katika ufuko wa bahari, hata makaburini, kumngojea adui ambaye hakuja. Mwaka 1967 dini zote zilipigwa marufuku. Misikiti na makanisa yakafungwa au kubomolewa. Kanisa kuu la Shkodër, mji wa Hila, likageuzwa kuwa ukumbi wa michezo.

Katika nchi ya namna hiyo mchoraji hawezi kuwa mtu wa pembeni. Serikali ndiyo iliyompa shule, mshahara, rangi na kitambaa cha kuchorea. Serikali ndiyo iliyonunua picha na kuamua itundikwe wapi. Nayo ilikuwa na kanuni yake, iliyoitwa uhalisia wa kijamaa, iliyotoka kwanza Urusi katika miaka ya 1930. Kanuni hiyo yasema kwamba picha sharti ieleweke na kila mtu, imwonyeshe mfanyakazi na mkulima, na impe mtazamaji imani na siku zijazo. Ukiisikia mara ya kwanza utaona haina ubaya. Ni nani asiyetaka picha ieleweke? Ubaya wake ulikuwa kwamba jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa kabla mchoraji hajashika brashi. Mfanyakazi lazima awe na mabega mapana; macho yake lazima yatazame mbali; anga lazima iwe na mwanga. Mwenye kutabasamu atabasamu kwa sababu inayojulikana.

Hila alisoma uchoraji mjini Tirana, mji mkuu, akamaliza masomo yake katika miaka ya 1960. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mambo yalikuwa yamelegea kidogo. Vijana walianza kusikiliza nyimbo za kutoka redio za Italia, mavazi yakabadilika, na katika maonyesho ya sanaa zikaonekana picha zenye rangi zisizokuwa za kawaida. Ndipo Hila alipochora "Mbjellja e pemëve", yaani "Kupanda Miti".

Hapa nakuomba, msomaji wangu, uchukue kalamu na karatasi kabla hujaendelea. Chora mtu anayepanda mti. Usijali kama hujui kuchora. Ukimaliza, tazama mgongo wake. Je, umeuinamisha kwa uzito wa kazi? Au umemchora amesimama wima na jembe mkononi kama askari? Je, anatazama mche, anamtazama mwenzake, au anakutazama wewe? Umekwisha kuamua mambo mengi bila kujua kwamba unaamua. Kila mojawapo lina maana, na hapana hata moja lililokuwa katika neno "kupanda mti".

Hila naye aliamua. Vijana wake wamebeba miche na vyombo vya kazi, lakini miili yao inapinda na kuinuka kama ya watu wachezao ngoma. Hawafanani na safu ya askari. Rangi hazikuchaguliwa ili zifanane na udongo na majani tu. Zinang'aa na kuitana toka upande mmoja wa picha hata upande wa pili. Yaonekana kana kwamba furaha ya vijana hao imetoka ndani yao wenyewe. Hawamtazami kiongozi yeyote, hawangoji amri, na kazi yao ni kama mchezo. Ukitaka maoni yangu, ni picha ya kijana aliyeamini kwa dhati yale aliyofundishwa, kwamba watu huru wakifanya kazi pamoja watakuwa na furaha. Akaichora furaha hiyo kama alivyoiona.

Mambo yaligeuka kwa haraka. Mwezi wa Desemba 1972 palikuwa na tamasha ya nyimbo iliyoonyeshwa katika televisheni ya taifa mjini Tirana. Waimbaji walivaa na kuimba kwa namna iliyofanana na ile ya Italia, na watu wengi waliifurahia. Hoxha hakuifurahia. Katika mwezi wa Juni 1973, katika Mkutano wa Nne wa Halmashauri Kuu ya Chama cha Kazi, aliwashambulia wote aliowaona kuwa wameingiza tabia za kigeni. Mkuu wa redio na televisheni, Todi Lubonja, na mwandishi wa michezo ya kuigiza, Fadil Paçrami, wote wawili watu wakubwa katika Chama, waliondolewa katika vyeo vyao kisha wakafungwa miaka mingi. Baada ya hapo wakaguzi wakaanza kupita katika kila chumba cha sanaa. Picha zilizosifiwa jana zikachunguzwa upya.

Picha ya "Kupanda Miti" ilikuwa mojawapo. Kosa lake lilikuwa katika rangi na katika umbo la miili. Huu si upumbavu kama unavyoonekana. Watu wengi wasimuliapo habari hizi huwacheka wakaguzi wale, kana kwamba walikuwa vipofu walioogopa buluu na manjano. Mimi nadhani walikuwa wasomaji wazuri wa picha, pengine wazuri kuliko watazamaji wengi wa leo wapitao mbele ya picha kwa haraka wakasema, "Inapendeza." Wao waliona vizuri kabisa kwamba vijana wale hawahitaji kuongozwa. Waliona kwamba furaha isiyokuwa na amri ni furaha isiyokuwa na bwana, na kwamba mtu akiruhusiwa kuchagua rangi ya uso kwa jinsi aionavyo, kesho atachagua na jambo jingine. Walielewa maana ya picha. Walichokosa ni haki.

Hila hakufungwa gerezani. Kwa kipimo cha nyakati zile, adhabu yake ilikuwa nyepesi, nami nakueleza hili ili usipime mambo kwa kipimo chake peke yake. Mchoraji mwenzake, Edison Gjergo, aliyechora picha ya wapiganaji wa msituni wamemzunguka mzee mwenye kuimba tenzi, alishtakiwa kwa sababu ya namna ya uchoraji wake akatiwa gerezani. Maks Velo, aliyekuwa mjenzi wa ramani za majumba na mchoraji pia, alikamatwa mwaka 1978, akapelekwa Spaç, mahali ambapo wafungwa walichimba madini milimani, na kazi zake nyingi zikachomwa moto. Huyu wetu alipelekwa "kuelimishwa upya" kwa kazi ya mikono katika shamba la kuku la serikali. Kazi yake ilikuwa kupakia na kupakua mizigo. Mtu aliyefundishwa kushika brashi akawa anashika pembe za gunia.

Na humo ndimo alimofanya jambo ambalo mimi nalistahi kuliko hata picha iliyomtia mashakani. Katikati ya miaka ya 1970, baada ya saa za kazi, alichora kwa siri picha ndogo ndogo katika karatasi. Alichora wafanyakazi wenzake na kuku, na shughuli za kila siku za mahali pale. Hakuchora makaratasi ya kumtukana Hoxha. Wala hakuchora kuku wenye mabega mapana watazamao siku zijazo. Alichora alichokiona tu: watu waliochoka, wakifanya kazi isiyokuwa na utukufu. Sasa fikiri juu ya jambo hili la ajabu. Serikali ilidai uhalisia, na ilidai wafanyakazi wachorwe. Hapa palikuwa na mchoraji aliyewachora wafanyakazi kama walivyokuwa, naye mwenyewe mfanyakazi pamoja nao, na ikambidi azifiche picha hizo kama mwizi afichavyo mali.

Hoxha alipokufa, utawala uliendelea miaka michache chini ya Ramiz Alia, lakini ulikuwa umechoka. Mwezi wa Desemba 1990 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tirana waliandamana wakidai vyama vingi viruhusiwe, na serikali ikakubali. Tarehe 20 Februari 1991 umati wa watu uliiangusha sanamu kubwa ya Hoxha katika uwanja wa Skanderbeg. Mwezi wa Agosti mwaka huo meli moja iliyoitwa Vlora iliingia bandari ya Bari huko Italia ikiwa imebeba Waalbania wapatao 20,000, wamening'inia hata katika kamba za mlingoti. Walikuwa wakikimbia njaa, na wengi wao walirudishwa. Mwaka 1997 mashirika ya udanganyifu yaliyowaahidi watu faida kubwa juu ya akiba zao yalianguka yote; watu wakapoteza nyumba na mifugo waliyouza ili kuweka fedha humo, maghala ya silaha yakavunjwa, na watu wapatao 2,000 wakafa katika ghasia. Nimepita upesi katika mambo haya makubwa, nawe unaweza kuyasoma mahali pengine. Kwetu lililo la maana ni kwamba mchoraji sasa alikuwa huru kutumia rangi yoyote.

Akachagua kijivu.

Hili ndilo jambo ambalo huwashangaza wengi wanaozitazama picha zake kwa mfuatano wa miaka. Kijana aliyeadhibiwa kwa ajili ya rangi zenye furaha alipopata ruhusa ya kuzitumia aliziweka kando. Picha zake za miaka ya 2000 zimefunikwa kana kwamba na ukungu au vumbi la saruji. Buluu yake imepauka, nyeupe yake ina majivu. Na jambo hili lilitukia wakati ule ule ambao Tirana yenyewe ilikuwa ikipakwa rangi! Meya wa mji tangu mwaka 2000, Edi Rama, alikuwa mchoraji aliyepata kufundisha katika Chuo cha Sanaa, ambaye baadaye, mwaka 2013, akawa Waziri Mkuu. Yeye aliamuru kuta za majumba ya zamani ya kikomunisti, yaliyokuwa yamechakaa, zipakwe rangi ya chungwa, zambarau, kijani na manjano, ili watu wapate moyo. Majengo yakang'aa. Wageni wakaja kupiga picha. Hila, katika chumba chake, aliendelea na kijivu chake.

Usidhani kwamba alifanya hivyo kwa ukaidi. Katika fungu moja la picha, aliloliita "Paradoksi", alilolichora kati ya mwaka 2000 na 2005, na katika mengine yaliyofuata, alijitia kuchora mambo ambayo kila Mwalbania aliyaona kila siku bila kuyatazama: vitu vilivyoachwa kando ya barabara, nyumba zilizoanza kujengwa zisiishe, mahali ambapo jambo lilikuwa litokee halikutokea. Katika fungu lililoitwa "Penthouse", la mwaka 2013, twaona nyumba za matajiri wapya. Zimesimama peke yake, juu ya misingi mirefu, kama ngome au kama minara ya ukumbusho. Hakuna mtu dirishani. Hakuna mti. Unajiuliza kama zimejengwa ili watu wakae ndani au ili watu wa nje wazitazame. Hapo ndipo mimi nikumbukapo yule mke wa Rozafa.

Waandishi wa sanaa huziita picha za namna hii picha za ishara, na neno hilo laweza kukupotosha. Huenda ukafikiri kwamba nyumba katika picha ni fumbo lenye jibu moja, kama kitendawili: nyumba maana yake ni tamaa, ukungu maana yake ni huzuni. Uhalisia wa kijamaa ndio uliofanya hivyo! Humo ngumi iliyokunjwa ilikuwa na maana moja, na jua lichomozalo lilikuwa na maana moja, nawe ulipewa jibu pamoja na swali. Nyumba za Hila hazina jibu la namna hiyo. Ni nyumba kwanza. Ni saruji na vioo ambavyo mtu amevilipia fedha. Bali kwa kuwa amewaondoa watu na kuondoa kelele zote zinazozunguka nyumba, wewe mtazamaji umebaki peke yako mbele yake, na huna budi kuuliza mwenyewe kuna nini ndani.

Alifanya vivyo hivyo na barabara kuu ya Tirana, iitwayo Barabara ya Mashahidi wa Taifa, aliyoichora katika fungu la picha la mwaka 2015. Barabara hiyo ina historia ya kutosha kujaza kitabu. Majumba yake makubwa yalichorewa ramani na Waitaliano katika miaka ya 1930 na wakati walipoiteka Albania mwaka 1939, na yamejengwa kwa mtindo wa utawala wa Kifashisti, mazito na yaliyonyooka, ili kumfanya raia ajione mdogo. Wakomunisti walipokuja hawakuyabomoa. Waliyatumia, wakaandamanisha watu mbele yake kila sikukuu. Wakaja wa tatu, waliochaguliwa kwa kura, nao wakaingia katika vyumba vile vile. Hila aliyachora majumba hayo bila umati. Siku zote picha za barabara hiyo zilikuwa picha za watu wengi na bendera. Yeye alifagia watu wote, na majumba yakabaki yanatutazama.

Nimesema habari za mchoraji, lakini Hila alikuwa mwalimu pia, kwa miaka mingi, katika Chuo cha Sanaa cha Tirana. Sisi tulio katika kazi ya ualimu twajua kwamba sehemu hii ya maisha ya mtu ndiyo ngumu kuandikwa, kwa sababu somo zuri haliachi turubai ukutani. Njia pekee ni kuwatazama waliofundishwa. Kati ya wanafunzi wake wako wawili waliojulikana katika dunia nzima, nao wote wawili wametumia zaidi filamu kuliko brashi.

Wa kwanza ni Adrian Paci, mtu wa Shkodër kama mwalimu wake, aliyehamia Italia na jamaa yake wakati wa ghasia za mwaka 1997. Katika filamu yake fupi ya mwaka 2007 twaona watu wakipanda ngazi ya kuingilia ndege uwanjani. Wanapanda kwa utaratibu, wanaume kwa wanawake, ngazi inajaa. Kisha twaona kwamba ndege haipo. Watu wamesimama juu ya ngazi katikati ya uwanja, mahali pa kwenda hakuna, na nyuma yao ndege nyingine zaondoka. Hapana neno linalosemwa. Ukishaziona nyumba za Hila zisizo na watu na ngazi ya Paci isiyo na ndege, utaona undugu wake mara moja.

Wa pili ni Anri Sala, aliyezaliwa mwaka 1974. Mwaka 1998 alitengeneza filamu juu ya mama yake mwenyewe. Alikuwa amegundua nyumbani ukanda wa filamu wa zamani, ambamo mama yake, alipokuwa kiongozi wa vijana wa Chama, anaonekana akisema, lakini sauti yake imepotea. Sala akaupeleka ukanda huo katika shule ya viziwi, kwa watu wajuao kusoma maneno midomoni, nao wakamsomea mama alikuwa akisema nini. Alipomrudishia mama yake maneno hayo, mama alikataa kuamini kwamba ndiye aliyeyasema; yalikuwa maneno ya Chama tu, yaliyopangwa moja nyuma ya jingine. Miaka mitano baadaye Sala huyo huyo alitengeneza filamu juu ya zile kuta za Tirana zilizopakwa rangi, akizunguka usiku katika gari pamoja na meya wake. Katika mwanga wa taa rangi zinang'aa sana, na barabara chini yake ni mashimo na matope.

Sifikiri kwamba mwalimu yeyote aliwaambia vijana hao, "Tengenezeni filamu juu ya ngazi," au, "Tafuteni sauti iliyopotea." Wala hapana somo liitwalo kutokuamini picha nzuri kwa haraka. Lakini mtu aliyebeba magunia kwa sababu ya rangi, akisimama nyuma ya mwanafunzi na kumwuliza, "Kwa nini umeweka nyekundu hapa?", swali hilo lina uzito ambao swali langu mimi au la mwalimu mwingine haliwezi kuwa nao.

Umaarufu wa nje ulimjia Hila akiwa mzee. Mwaka 2017 picha zake zilikuwamo katika maonyesho makubwa yaitwayo Documenta, yaliyofanywa mwaka huo Athene na Kassel, na mwaka 2018 maonyesho ya kazi za maisha yake yote yalifanywa Warszawa nchini Polandi, kisha Tirana. Zile karatasi ndogo za kuku na wapakiaji, zilizofichwa katika miaka ya 1970, zimekwisha kutundikwa mbele ya watu, pasipo kificho tena.

Na ile picha yenyewe ya "Kupanda Miti" haikuchomwa. Imebaki kuwa mali ya Jumba la Taifa la Sanaa mjini Tirana, na imechapishwa katika vitabu vingi. Ukipata nafasi ya kuiona, anza na miili ya vijana kabla hujatazama miche, kisha zitazame rangi kwa muda usiopungua dakika tano. Halafu chukua ile karatasi uliyochora wewe mwanzoni, uiweke kando yake, uandike ukurasa mmoja kana kwamba ni mwaka 1973 nawe ndiwe mkaguzi uliyetumwa na Chama: ni ipi kati ya picha hizi mbili ungaliripoti, na ungaliandika kosa lake ni nini?